Lugha ya Mikono Uliyotuachia

Baba,

Ulitufunza kwamba ripoti yoyote inaanza na hali ya hewa, kwa hivyo nianzie hapo usije ukanikatiza. Leo hapa Subukia ukungu umeshuka mpaka kwenye kahawa, lakini jua linajaribu kutoka. Upepo ni mdogo. Sajini amezaa ndama jike. Maziwa anatoa vizuri, adabu ndiyo bado, maana jana amepiga ndoo teke tena. Mwanao Njoroge anasema ni wewe wa kulaumiwa, kwamba ng'ombe aliyepewa cheo cha jeshi hawezi kukubali kukamuliwa na raia.

Sasa nikueleze habari yenyewe. Ni ya Mama. Keti kwanza.

Lakini acha nianze nyuma kidogo, kwa sababu nimekaa nikifikiria ile nyumba yetu ya kambini Gilgil, na nimegundua hatukuwa watu wa kawaida. Watoto wengine baba zao walikuwa wanajeshi wa kushika bunduki. Wewe kazi yako ilikuwa kusimama chini ya ile helikopta kubwa ya mizigo, na glavu zako na miwani yako, ukifunga mzigo kwenye ndoano huku upepo ukitaka kukubeba wewe pamoja na mzigo. Nilikuona mara moja tu, ile siku familia zilialikwa kuangalia. Tangi la maji lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa chako na Mama alikuwa amefunga macho. Kitambaa chake cha kichwa kilipeperuka mpaka kwenye ua wa kambi, na hakuwa na habari. Jioni akakuuliza kama ulituona. Ukamwambia, "Nikiwa chini ya mzigo sioni hata mke." Woi! Ulilala na njaa siku hiyo.

Zile kelele zilikula masikio yako polepole. Ulipostaafu ulikuwa unasikia vitu viwili tu, radi na Mama akikasirika. Kwa hivyo sisi wote tulijifunza kukuongelesha kwa mikono, vile nyinyi mlikuwa mnaongea na rubani. Kiganja kikitazama juu, unainua. Kiganja kikitazama chini, unashusha. Mkono ukinyooka pembeni kama bawa, tulia hapo hapo ulipo. Majirani walidhani tunafukuza nzi.

Na ile fimbo yako! Ulitueleza kwamba helikopta ikiwa hewani ndoano yake hujaa stima, na mtu akiishika kabla ya kuigusa kwa fimbo yenye waya wa kwenda ardhini, inamtupa. Sawa, tumeelewa. Lakini geti la nyumbani, Baba? Mlango wa choo? Miaka yako yote ya kustaafu hukuwahi kushika geti letu kabla ya kuligonga kwa fimbo. Sasa Njoroge anafanya vivyo hivyo, mtu mzima na watoto wake, na akiona namwangalia anajifanya anafukuza kuku.

Ishara uliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya mwisho wa kazi. Unanyoosha mkono wa kushoto mbele, ngumi imefungwa, halafu mkono wa kulia unapita chini ya ile ngumi kama kisu. Achia mzigo. Mzigo umefika, ndege iko huru, watu waende nyumbani. Kila jioni ulisimama mlangoni ukamfanyia Mama hiyo ishara, naye akakujibu na hiyo hiyo, hata kama ameshika mwiko. Hukuvua buti kabla hajakujibu. Na mkikosana alikuwa anakataa makusudi. Nakumbuka siku moja ulisimama pale mlangoni na buti zako mpaka ugali ukapoa, na sisi tukicheka chini ya meza.

Ile asubuhi yako ya mwisho sikuwa nyumbani, lakini Njoroge ameniambia. Mama alikuwa anaenda Longonot kumwona mjukuu wa Anti Rahabu. Alikuwa amejaza mikono yote miwili, huku kikapu, huku ndizi na shali ya mtoto. Ukasimama getini ukamfanyia ile ishara yenu, asubuhi na mapema, wakati ambao si wake, kwa mchezo tu. Mama akacheka. Akakwambia, "Si unaona mikono imejaa? Nitakujibu nikirudi." Njoroge akawasha pikapu, wakaenda.

Ulianguka zizini kabla hata hajafika Longonot. Aliporudi akakuta geti limejaa watu.

Siku ya mazishi wenzako wa kambini walikuja, wazee wote sasa, na kofia zao zile. Walikaribia kaburi kutoka mbele, wameinamisha vichwa na mabega, na watu wakasema, ona wanajeshi hawa wanavyomcha Mungu. Mimi nilijua. Ulituambia hivyo ndivyo mtu anapita chini ya mapanga ya helikopta, kutoka mbele rubani anapomwona, kama anataka kubaki na kichwa. Nilitabasamu nikiwa nalia. Kisha pasta akampa Mama maikrofoni aseme neno la mwisho. Unamjua Mama na maikrofoni, kwa harusi ya Njoroge ilibidi anyang'anywe. Siku hiyo aliishika, akalitazama jeneza, akasema, "Nitaongea naye baadaye." Akaketi.

Hiyo baadaye ilikataa kuja. Maua ya kaburini yalikuwa hayajakauka vizuri kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukalala, na maneno yakaisha. Mama yetu, Baba! Mtu aliyekuwa akigombana nawe kuanzia chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari, sasa anatutazama tu. Daktari wa Nakuru alisema anaelewa kila kitu, ni maneno ndiyo hayapati njia. Nikafunga saluni yangu mjini nikarudi nyumbani kumwangalia. Usiniulize kama ilikuwa rahisi. Kila asubuhi baada ya uji alikuwa anageuza uso upande wa chini wa shamba, pale ulipolala, machozi yanatoka bila sauti. Mimi nakimbilia jikoni nalia yangu huko. Nilijua ni nini kinamuuma. Alikuahidi jibu, na sasa hakuwa na la kukujibia.

Sasa sikia. Jumamosi moja Njoroge ameleta majani ya ng'ombe, anarudi na pikapu kinyumenyume kuelekea zizini kwa ile spidi yake ya kipumbavu. Mama nimemweka juani kando ya ukuta, na blanketi. Mimi niko na sufuria, sina habari. Kumbe ndama ametoroka, amelala njiani, nyuma kabisa ya gurudumu. Mama ndiye aliyemwona. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni kama bawa, umenyooka kabisa. Tulia hapo hapo.

Njoroge akaona ule mkono kwenye kioo, na kabla hajafikiria chochote mguu wake ukakanyaga breki. Anasema hakumwona Mama. Anasema alikuona wewe.

 Kisha Mama akageuza kiganja juu, akakiinua mara mbili. Mwinueni huyo ndama. Baba, niliangusha sufuria. Nilipiga magoti kwenye matope nikamshika miguu nikimwambia, "Mama, kumbe uko!" Akanitazama na lile jicho lake la, kwani ulidhani nimeenda wapi?

Tangu siku hiyo nyumba imepata kelele tena, ya mikono. Anasema ainuliwe, anasema ashushwe, anasema chumvi ni nyingi, hiyo ameitunga mwenyewe na haipendezi. Pasta alikuja kumwombea. Unajua sala zake. Alikuwa amefika kwa wagonjwa wa dunia nzima nilipofungua jicho moja nikaona Mama anapitisha kiganja shingoni, pole pole, akiniangalia. Zima injini. Haki nilikaribia kufa. Nilijifanya nalia kwa sababu ya upako.

Lakini kulikuwa na ishara moja iliyonitesa. Kila asubuhi ananyoosha kidole chini ya shamba, halafu anajivuta kwa kiganja, songa mbele, songa, songa. Nilijua anataka kuletwa kwako. Anti Rahabu alikuwa amekuja kukaa nasi, na akakataa katakata. "Presha itapanda, mtamzika karibu naye." Na mimi niliogopa, Baba. Nimekuzika wewe juzi. Nikawa namwambia kesho, Mama, kesho. Yeye anashusha mkono, anageukia ukuta. Siku tatu akakataa uji. Akaacha kutufanyia ishara yoyote, hata ya chumvi. Nikaona nampoteza mara ya pili, na sasa ni mimi namfunga mdomo.

Jana nikamwambia Anti Rahabu, anti, nakuheshimu, lakini leo tunashuka. Akasema sitaki kuona, akachukua shali yake. Akatufuata.

Ungetucheka. Kiti cha magurudumu na ule mteremko na matope! Njoroge anasukuma, mimi natangulia nikirudi kinyumenyume, naonyesha kwa mikono, kushoto, kushoto, shusha, tulia. Mama amekaa kama mzigo wa serikali, mkono wake mmoja unanirekebisha kila nikikosea. Anti Rahabu nyuma anaomba kwa sauti. Tulipofika karibu na kaburi Njoroge alikuwa anataka kukata kupitia nyuma, na Mama akampiga mkono. Kutoka mbele. Tukazunguka. Na alipokaribia akainamisha kichwa, vile wenzako walifanya. Sisi wote tukainama.

 Nilikuwa namtazama mshipa wa shingo kwa ajili ya ile presha. Halafu akainua mkono wa kushoto akaunyoosha mbele kwako, ngumi imefungwa.

Ule wa kulia ukakataa. Niliona bega likijaribu. Niliona uso wake wote ukisukuma huo mkono, na mkono umelala tu juu ya blanketi. Ngumi ilikuwa bado hewani, hakuishusha. Anti Rahabu akasema, "Jamani, mrudisheni," na Mama hata hakumgeukia. Alinigeukia mimi.

Nikapiga magoti upande wake wa kulia. Nikanyoosha mkono wangu, kiganja chini, nikaupitisha chini ya ngumi yake. Mara moja, taratibu, kama kisu.

Akashusha mkono. Akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu ile asubuhi ya ndizi na kikapu. Halafu akalia, Baba, na kilio hicho kilikuwa na sauti. Tulikuwa hatujaisikia sauti yake tangu kiharusi. Njoroge naye akalia, ameshikilia kiti kisiteleze. Presha Anti Rahabu aliipima tuliporudi nyumbani, akaipima tena, akasema hicho kimashine kimeharibika kwa sababu iko sawa. Mama akanywa uji wote, akaniambia chumvi ni nyingi, kwa uji!

Sasa nikuage, maana Sajini anapiga kelele na Njoroge hayuko. Sitakuahidi makubwa. Saluni itafunguliwa hapa hapa Subukia, wanawake wa huku pia wana nywele. Fimbo yako iko nyuma ya geti, na hakuna atakayeitoa. Na kila jioni jua likishuka nitamkalisha Mama mlangoni, atoe ngumi yake, nami nipitishe mkono wangu. Akichoka, watoto wa Njoroge tayari wanajua.

Mama amekujibu, Baba. Usisimame tena hapo mlangoni.

Vua buti.

Binti yako,
Wambui