Mashine Iliyoona Mvua Kila Siku

Kwa Baba, Chala.

Baba yangu, shikamoo. Shikamoo ya leo naiandika nimeinamisha kichwa, ingawa hunioni. Kifua chako kinaendeleaje? Mama naye, mguu umepoa? Mimi huku Dar mwili mzima, nakula na kushiba. Roho tu ndiyo imekaa vibaya tangu nipate barua ya mdogo wangu Skola.

Ameniandikia yote. Kwamba ulezi uliomwagwa shambani umeliwa na ndege, na uliobaki umekaushwa na jua. Kwamba mzee Masanja aliyatandaza matuta yake yote ya nyasi alizofukia zioze ziwe mbolea, kazi ya msimu mzima, akamwaga mbegu yake yote kwa sababu wewe ulimwambia mashine ya Deo imeona mvua. Na kwamba Jumapili mlipotoka misani kuna mtu alikuuliza mbele za watu, "Baba Deo, mashine inasemaje leo? Nirudi nyumbani kuchukua mwavuli?" Nawe ukajibu, "Inasema mvua." Watu wakacheka mpaka padri akageuka.

Baba, unanijua mimi ni mtu wa kucheka. Hapo sikucheka.

Sasa nikueleze ukweli, maana nimekuweka mbali nao mno. Lile sanduku dogo lenye kioo, linalochora jua, wingu au matone, lilikuja dukani kwetu Kariakoo pamoja na vituko vingine: saa inayoongea, kalamu yenye redio, kishikizo cha funguo kinacholia ukikipigia mluzi. Nilikwambia mimi ndiye fundi wa kompyuta wa duka. Si kweli. Mimi nabeba maboksi na kufuta vumbi. Habari zote za mitambo mipya ninazowapa washikaji huku, nazisikia kwa wateja, halafu naziongezea chumvi. Ila mashine ile niliipata kwa jasho langu, nikaona, baba yangu atakuwa mtu wa kwanza Ufipa nzima kuijua mvua kabla haijaondoka ilikotoka. Nilijivuna wiki nzima. Nilimwambia hata muuza kahawa.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo, Kiingereza kitupu. Niliitoa kabla sijafunga mzigo kumpa kondakta wa basi. Nilijua Skola angeniuliza maana ya maneno, nami Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, tena mlangoni. Nikaona aibu. Aibu ile ndogo niliyoikwepa, baba, ndiyo uliyokuja kuibeba wewe pale kanisani.

Na wewe ulishtuka mapema. Ulipanda lori la mahindi kutoka Chala mpaka Sumbawanga, kwa shangazi wa Majengo mwenye simu, ili uniulize tu.

"Deo, mashine inaonyesha mvua siku ya tisa sasa. Mimi nikitoka nje sioni hata wingu la kuazima."

Nami nilikuwa nimezungukwa na washikaji, nikakujibu kwa sauti ili wasikie. "Baba, hiyo haiangalii mawingu, inapima hewa! Macho yako yanaona leo, yenyewe inaona keshokutwa."

"Una uhakika, mwanangu? Masanja naye ananisubiri mimi. Mgeni yule, hewa ya huku bado hajaizoea."

"Mimi ndiye ninayeshinda nazo, baba! Mwageni mbegu!"

Ukasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma." Neno hilo nalisikia hata nikiwa nimebeba boksi kichwani.

Barua ya Skola ilipofika nilikwenda kwenye duka la intaneti, hapa mtaa wa pili. Kuna dada pale anaitwa Rehema. Nilitaka kumwambia natafuta jambo la kitaalamu, nikashindwa, nikamtolea ile karatasi ya maelezo, nikamwambia, "Dada, sijui kusoma hiki, nisaidie." Akaandika jina la mashine kwenye kompyuta. Ukatokea ukurasa wa watu wanaopenda vidude vya namna hii, wanaandikiana dunia nzima. Mzee mmoja anayekaa milimani Ulaya analalamika kwamba mashine yake inaonyesha mvua kila siku ya Mungu. Wenzake wakamjibu: hukuiambia unaishi juu kiasi gani. Hewa ya juu ni nyepesi, na mashine hii hewa ikiwa nyepesi inadhani mvua inakuja. Ikitoka kiwandani inajua iko usawa wa bahari.

Rehema akaniuliza, "Kwenu ni juu kiasi gani?" Baba, mimi ninayewatambia watu wa pwani kila siku kwamba kwetu tunavaa makoti wao wakitokwa jasho, ikabidi niseme sijui.

Kumbe ungeweza kukaa ukiitazama mpaka kiangazi cha mwakani, ingekuonyesha matone yale yale. Macho yako yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye macho yako.

Nimeuza ile redio yangu ya kaseti niliyokuwa nikiringia. Fedha nimemtumia shangazi wa Majengo, naye amenunua gunia la mbegu ya ulezi kwa ajili ya mzee Masanja. Mvua za kweli zikishika, atakuwa hajachelewa. Lakini Skola anasema Masanja hapiti tena kwetu, na mirija mliyokuwa mkinywea pamoja kimpumu, pombe yetu ya ulezi, imening'inia ukutani. Hiyo siwezi kuituma kwa basi. Kwa hiyo naomba, gunia mpelekee wewe mwenyewe, na barua hii Skola amsomee kwa sauti, asiruke mstari, hata pale pa kidato cha pili. Ajue hukumdanganya. Ulimwambia kile mwanao alichokuambia.

Nyuma ya mashine kuna vitufe viwili vya kuiambia kimo cha mahali. Ukitaka kuivunja kwa shoka, ivunje, sitauliza.

Mama mwambie nampenda na namwogopa. Shangazi nampa shikamoo mbili, moja ya simu yake. Skola asante kwa kuniandikia bila kunificha.

Nawe baba, siku barua hii ikifika, toka nje, tazama juu, kisha uniandikie umeona nini. Hicho ndicho nitakachoamini.

Ni mimi mwanao, mbeba maboksi,
Deo.