Kadi Namba Arobaini

Jumapili, 3 Machi 1996. Kambi ya wakimbizi, Ifo

Programu ya mgao wa chakula imekwisha! Namba mia tatu zimepangwa foleni ndani ya mashine, kila moja idadi ya watu wa kadi moja. Ningeandika watu[i] tu, kompaila, ile inayoitafsiria mashine maandishi yangu, ingejua pa kwenda. Lakini hiyo ni ya wanafunzi — mimi nimetumia pointa, kidole kinachoonyesha namba ilipokaa. Kila namba inakalia baiti mbili, vyumba viwili vya kumbukumbu, basi namba ya kadi nikaizidisha kwa mbili mwenyewe. Nani aiachie mashine hesabu? Ruweyda, wewe ni hodari!

Jumanne, 5 Machi

Jana kadi 1 hadi 100 zilipata chakula. Waliopunjwa walipiga kelele. Bosi wangu Warsame akawaambia kompyuta haikosei. Waliozidishiwa — kimya! Leo nikachapa zilizobaki. Kadi 151: watu 8224. Ya Rabbi! Mji mzima kwenye kadi moja.

Alasiri ndipo nikaelewa. Ukiiambia pointa isogee hatua moja, kompaila yenyewe huzidisha kwa mbili. Mimi nikazidisha tena. Kadi 40 ikasoma ya 80. Kadi 151 ikatoka nje ya foleni, ikaokota takataka. Kumbe asiyejua hesabu ni mimi. Bibi Sadiyo wa kadi 40, anayeishi peke yake, amebeba chakula cha watu tisa. Aibu gani hii!

Jumapili, 17 Machi

Ile mbili ya kuzidishia nimeifuta. Mgao ni kesho. Warsame anasema kila mtu na haki yake, basi. Nikaenda kumwonya Sadiyo. Nikakuta watoto wanane kwake! Wamevuka mpaka majuzi, hawana mama, hawana kadi. Nikamuuliza, eeddo, shangazi yangu, hawa wa nani? Akanishangaa. Karatasi ilisema tisa, yeye ni mmoja, basi akatafuta wanane waliobaki. Angekulaje riziki ya watu peke yake? Nilitaka kulia, nikacheka kama mjinga.

Kuandikisha watoto huchukua miezi mitatu. Kesho kadi 40 itasoma moja — sahihi kabisa.

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi nimeongeza mstari mmoja: watu[40] = 9; yaani kadi 40, watu tisa. Kompaila imeupitisha bila hata onyo.

Orodha imechapwa. Sadiyo yuko langoni na wanane wake, amewaosha nyuso. Warsame anapitisha kidole kadi kwa kadi, akilinganisha na daftari lake la zamani. Tangu lini anaikagua kompyuta? Mimi najifanya naandika ripoti. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kidole kimesimama. Ananiuliza, Ruweyda, huyu bibi ana watu wangapi hasa —