Picha za Salwa Zilivyovuka Mpaka

Alhamisi, Kibuli. Mvua inanyesha tangu alfajiri, watu wa boda wamejibanza chini ya baraza za maduka, na mimi sikwenda kufungua duka Kisenyi. Nimekaa tu. Nina kinyaa ambacho hakitoki hata kwa kuoga, na nimeoga mpaka ngozi inawasha.

Wacha niandike, labda kitapungua.

Mimi nauza vyombo: sahani, sufuria, chupa za chai. Mzigo naufuata Nairobi. Zamani mpakani ulikuwa unaonyesha kitambulisho, unagongewa muhuri, unaulizwa umebeba nini, basi, unaendelea na safari. Siku hizi wamekaza ulinzi. Unapigwa picha ya uso, unabonyeza vidole kwenye kioo, begi linamwagwa mezani mpaka nguo zako za ndani zinatazamwa na watu mnaopanda nao basi. Nilivumilia. Nilijiambia wabaya wapo, acha watulinde. Hata abiria wakinung'unika nilikuwa nawakemea. Mjinga mimi!

Juzi, nikirudi Kampala, nikakuta wameongeza jambo jipya. Simu.

Kijana mmoja, sare imenyooka, akanyoosha mkono. "Nyabo, mama, leta simu. Fungua." Nyuma yangu mama mmoja Mkenya aliuliza ni sheria gani hiyo, akaambiwa asimame pembeni, na abiria wakamfokea yeye kwa kutuchelewesha. Mimi nilikuwa nimeshafungua. Nimezaliwa kambi ya polisi, marehemu baba alivaa sare mpaka alipostaafu, na sisi watoto wa kambi tulilelewa na jibu moja tu kwa mwenye sare: ndiyo, afande. Likatoka lenyewe, na kidole gumba kikalifuata. Wala sikukumbuka kuna nini ndani.

Ndani alikuwemo Salwa.

Salwa ni mdogo wangu, tumemwoza Jumamosi iliyopita. Kwetu Wanubi, siku ya kumwandaa bibi harusi ni ya wanawake peke yetu. Anasuguliwa manukato, anafukizwa udi akiwa na kanga moja tu, anachorwa hina, na tunacheza vichwa wazi. Wazee wetu wanacheza mambo ambayo waume zao hawajawahi kuyaona. Simu zote zinakusanywa mlangoni kwenye beseni. Inabaki moja, ya mtu ambaye wote wanamwamini, na huyo ndiye mpiga picha. Picha zenyewe hazitumwi kwa mtu yeyote. Ukitaka kuziona unamfuata nyumbani, unakaa ubavuni kwake, mnaangalia pamoja na kucheka. Safari hii mama alisema simu iwe yangu.

Yule kijana hakuwa anatafuta gaidi wala nini. Alianza na meseji za mume wangu, akasoma moja kwa sauti, akatabasamu. Kisha akaingia kwenye picha.

Nikasema, "Afande, hizo ni za wanawake." Kwa adabu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Akanitazama, akarudi kwenye simu. Nikaviona vidole vyake viwili vikimvuta mdogo wangu, vikimkuza. Halafu akamwita mwenzake, "Njoo uone, huku kuna harusi!" Wakacheka. Wakaingia nayo chumba cha nyuma, nikabaki nimesimama na begi wazi mezani, watu wananikodolea macho kana kwamba nimekamatwa na bangi.

Waliponirudishia nikasema asante.

Asante!

Walifanya nini kule nyuma? Wamezinakili? Wametumiana? Nilimfuata mkubwa wao nikamuuliza. Akasema ni mambo ya usalama, na kama sina cha kuficha naogopa nini. Ninacho cha kuficha, bwana! Mwili wa mdogo wangu. Kiuno cha bibi yangu. Mapenzi ya mume wangu, ambayo aliniandikia mimi, hakukuandikia wewe. Lakini majibu hayo yamenijia basi likiwa limeshaondoka. Pale mbele yake niliinamisha kichwa.

Ndani ya basi nikazifuta picha zote. Nilikuwa nalia, abiria wa karibu akadhani nimefiwa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nazo, kwa hiyo hazipo tena, labda kwa wale tu.

Nilitaka kunyamaza. Kama nisingesema, nani angejua? Lakini Salwa alikuwa ananipigia simu kila siku: dada, njoo na zile picha, nataka kujiona. Jana nikaenda kwake Kamwokya. Alinifungulia mlango akiwa na kanga ya nyumbani, nywele bado zimesukwa za harusi, hina imekolea. Alikuwa ameshaandaa chai, akasogea kwenye mkeka nikae ubavuni kwake.

Nikamwambia yote, hata ile asante.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Aliuliza tu, "Waliiona ile ya udi?" Nikamjibu kwamba nadhani ndiyo. Akauliza kama nilimpa mwenyewe ile simu au alininyang'anya. Nikamwambia nilimpa.

Kisha akauliza simu iko wapi sasa. Nikasema iko kwenye mkoba, haina kitu, nimefuta kila picha, angalia mwenyewe. Hakutaka kuishika. Aliinuka, akaingia chumbani, nikajua amekwenda kulia, nikajiandaa kumfuata.

Alirudi amevaa buibui na amefunga mtandio mpaka kidevuni. Nyumbani kwake, mlango umefungwa, tuko wawili tu. Akakaa ng'ambo ya mkeka, akanimiminia chai.