Na Mimi Harudishiani

Jumatatu, 3 Machi. Las Vegas

Kwaruu.

Kete moja ikiburutwa juu ya kitambaa cha meza. Ninayo masikioni tangu mchana. Nimeoga, nimefungua televisheni, nimeizima. Bado ipo. Kwaruu.

Niiandike, labda itaniacha.

Kwenye meza ya poka, kila duru, watu wawili waliokaa jirani wanalazimika kuweka dau kabla ya kuona karata. Mmoja dau dogo, anayemfuata dau kubwa. Wengine wote wakitupa karata zao, hao wawili wanabaki wakitazamana, na mmoja anasema: turudishiane. Kila mtu anavuta kete yake, duru imekwisha, hakuna kinyongo. Ni adabu tu, kama kumshikia mtu mlango. Kwenye meza hizi za bei rahisi karibu kila mtu anafanya hivyo. Hata walevi.

Leo ikatuangukia mimi na Verlene, mama wa mchumba wangu Clayton. Nimekaa kulia kwake — ndiye aliyechagua viti. Wote wakatupa. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kanisani: Turudishiane, Bi Verlene?

Hakunitazama. 'Cheza.'

Nikacheza. Akaongeza dau. Nikatupa. Akazikusanya kete zangu kama anayepangusa makombo.

Duru iliyofuata ilikuwa yeye na jirani yake wa kushoto, jibaba lenye fulana ya hoki, ambalo saa nzima lilikuwa likimwambia bibi kizee nenda kalale. Wote wakatupa. Verlene akamgeukia, meno yote nje: 'Turudishiane, mwanangu?' — 'Turudishiane, bibi.'

Kwaruu.

Na yule! Na yule anarudishiana!

Haya. Nijikumbushe kwa nini niko hapa. Harusi imeahirishwa mara mbili. Clayton anasema mama yake bado hajaniridhia. Nenda naye safari yake ya poka, Noelle, wiki moja tu, mkijuana tutapanga tarehe. Nikasema sawa. Nimeacha tasnifu yangu katikati ya sura ya tatu ili nikakaguliwe na mwanamke aliyestaafu kazi ya kupanga mabasi ya shule, ambaye huficha karatasi ya kamasi kwenye mkono wa sweta.

Nitamfanya anipende. Nitajitahidi hadi nipasuke.


Jumanne, 4 Machi. Las Vegas bado

Kasino nyingine, mjini katikati, dari fupi, zulia linanuka sigara za miaka ambayo sijazaliwa.

Nilikuwa na malkia wawili. Verlene akasukuma kete zake zote mbele. Zote! Akakunja mikono akatazama ukuta. Nikafikiri dakika nzima. Mwanamke mwenye umri ule, kwenye meza ya senti, hasukumi zote bila ree, karata ya juu kabisa. Nikatupa.

Akafunua. Saba na mbili. Karata mbovu kuliko zote. Alinipiga geresha tupu — na si lazima ufunue! Ukishinda kwa geresha unazitupa kifudifudi, unanyamaza. Anayefunua anataka uone.

'Chuoni hawakufundishi hili, msomi?'

Meza nzima ikacheka. Mgawaji akauliza kama mimi ni binti yake. Nikajibu haraka mno: mkamwana wake, mtarajiwa. Mzee mmoja akapiga mluzi: basi harusini watu waje na kofia za chuma.

'Harusi gani?' akasema Verlene, huku akipanga kete.

Nilikwenda chooni nikampigia Clayton. Akasikiliza. Ana sauti nzuri sana akisikiliza. Ndivyo alivyo, alisema, usibishane naye, mkubalie tu yaishe. Nikamuuliza: wewe ulimwambia nini kuhusu mimi? Akasema mambo mazuri. Nikamuuliza yapi. Akasema kuna mtu mlangoni.

Nilirudi mezani. Verlene alikuwa anarudishiana na mtu.


Jumatano, 5 Machi

Leo kasino ya wenyeji, mbali na taa. Wastaafu watupu. Ukicheza asubuhi unapewa kifungua kinywa. Kila mtu anamjua Verlene. Verlene huyu, Verlene yule, Verlene goti lako vipi. Anawapenda! Anawagusa mabega! Nilikuwa sijui kwamba uso ule unaweza.

Mara tatu dau la lazima lilitukuta sisi wawili peke yetu. Mara tatu nikauliza. Mara tatu: cheza.

Mara ya tatu bwana mmoja aitwaye Orval, mwenye mikanda ya suruali mabegani, akashindwa kuvumilia. Alininong'oneza, na mnong'ono wake unasikika hadi jikoni: Binti, ulimfanyia nini? Mimi nacheza na Verlene kila Machi. Kuna mtu aliligonga gari lake hapo nje, akaja akaketi karibu naye, akarudishiana naye siku hiyohiyo, na taa ya gari bado iko chini.

'Orval,' akasema Verlene bila kuinua macho, 'karata zako zinakungoja, na ni mbovu.'

Zilikuwa mbovu kweli.

Namchukia. Niandike, hakuna anayesoma. Namchukia anavyolamba kidole gumba kabla ya kuinua pembe za karata. Namchukia anavyosema msomi. Namchukia kwa sababu anacheza vizuri, na nikikaa karibu naye najiona jinsi ninavyocheza: kama mtu anayeomba ruhusa. Hata nikiwa na karata nzuri naweka dau dogo, ili mtu asiudhike. Nani aliudhika? Ni poka!


Alhamisi, 6 Machi. Tonopah

Jangwa siku nzima. Yeye anaendesha. Anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Nilijaribu: Clayton alikuwa mtoto wa aina gani?

'Mtulivu.'

Kilomita nyingi baadaye: 'Kama baba yake.'

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo. Moteli ina baridi. Clayton hajapiga simu. Mimi pia sijampigia, nataka nione. Sioni kitu.


Ijumaa, 7 Machi. Reno

Niandike yote. Taratibu, kwa mpangilio.

Tuliingia mchana. Chumba kidogo cha karata nyuma ya mashine, meza mbili tu, moja imefunikwa. Viti vilevile: mimi kulia, yeye kushoto kwangu. Labda saa moja hivi ilipita. Dau dogo kwangu, dau kubwa kwake. Nikainua pembe za karata zangu. Ree ya shupaza. Ree ya kopa.

Karata bora kuliko zote duniani. Wiki nzima sijaziona.

Na wote wakatupa! Mmoja baada ya mwingine, hadi tukabaki sisi. Nikajua kabisa atakachofanya: nikicheza, ataongeza dau, kama kawaida yake, na hapo nitamnyoa. Nilikuwa na wembe mkononi. Niliona hata uso wake utakavyokuwa.

Na mdomo wangu ukasema: 'Turudishiane, Bi Verlene?'

Mdomo! Si mimi! Au ni mimi hasa, ndiyo tatizo.

Akageuka. Kwa mara ya kwanza wiki nzima akanitazama usoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

'Haya,' akasema. 'Turudishiane.'

Kwaruu. Kwaruu. Yangu na yake.

Ningezitupa kifudifudi ingekwisha hapo. Lakini nilitaka aone. Nilitaka ajue nimemwachia nini. Nikazifunua.

Mgawaji akafumba macho. Mtu akasema, mama yangu wee. Mwingine akasema, huyu apelekwe hospitali. Verlene akazisogeza kete zake pembeni, akachukua koti. 'Twende tukale.'

Mgahawa wa mle ndani. Aliagiza mayai, mimi supu ya kuku. Aliupaka mkate wake siagi hadi pembeni kabisa, halafu:

'Ree mbili.'

'Ndiyo.'

'Ili nikupende.'

'Ndiyo.'

'Mjinga we.' Alisema polepole, bila hasira, na ndiyo maana iliuma. 'Hivyo ndivyo ungeishi na mwanangu. Unazo ree mbili, unamwambia turudishiane, naye anakubali, mnalala. Mimi nimelala hivyo na baba yake miaka thelathini. Hakuna siku tuligombana. Hakuna siku nilijua anataka nini.'

Nikasikia lile neno. Ungeishi. Nikamwambia: umesema ungeishi.

Akaweka kisu chini.

Unadhani safari hii ni wazo langu? Mimi nasafiri peke yangu, siku zote. Ni Clayton aliyenipigia. Mama, mchukue Noelle. Kaa naye wiki moja. Unajua ulivyo, atachoka mwenyewe.

Nikamwomba arudie. Akarudia, bila kubadili neno.

'Hajawahi kumwambia mtu hapana, huyo. Yule msichana wa kabla yako nilimpeleka mimi kituo cha basi, na begi lake nikalibeba mimi.'

'Na wewe ulikubali.'

'Nilikubali. Ni mwanangu.'

'Wewe ni mwanamke mbaya.'

'Pengine. Na wewe sikupendi, tusichanganye mambo. Unakula kama unamwomba kuku radhi. Ila wiki nzima sijakurudishia hata kete moja, isipokuwa leo, nilitaka nione umeficha nini. Nilikupiga kwa karata zangu, mbele yako. Hao ninaorudishiana nao, sura zao hata sizikumbuki.'

Sikulia. Nilichukua mkate wake, ule wenye siagi, nikaula wote mbele yake. Akaniangalia. Akaagiza mwingine.


Jumamosi, 8 Machi. Reno

Asubuhi nilimpigia Clayton. Swali lake la kwanza: Mama amesema nini?

Si: habari za asubuhi. Si: umelalaje.

Nikamwambia: amesema kila kitu. Njoo Reno, uniambie wewe, kwa mdomo wako, yeye akiwa amekaa hapo. Akasema njia ya mlimani imefungwa, kuna theluji. Nilikuwa nimeshatazama. Njia iko wazi. Hata minyororo ya magurudumu haihitajiki leo. Nikamwambia hivyo. Akasema, basi itafungwa baadaye.

Karibu nicheke.

Kisha sauti ile nzuri, ya upole, iliyonifanya nimpende: Noelle, sikiliza. Hakuna haja ya ubaya. Tuwaambie watu tumekubaliana. Kila mtu achukue chake. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa.

Kwaruu.

Niliisikia kabisa, ndani ya simu. Nikagundua nimeisikia kila tulipogombana — yaani kila tulipokaribia kugombana. Kuhusu watoto. Kuhusu kazi yangu. Tarehe ya kwanza ya harusi, tarehe ya pili. Kila mara ananiachia changu kidogo, anachukua chake kidogo, na mimi nashukuru! Nilidhani ni amani. Miaka minne, mtu huyu hajawahi kuona karata zangu. Wala mimi zake.

'Hapana,' nikasema. 'Na mimi hurudishiani.' Nikakata simu.

Nikakaa kwenye ngazi za moteli na orodha ya wageni wa harusi. Bibi yake. Mchungaji. Wenzake wa kazini. Mama yangu. Dada zangu. Nikaandika ujumbe mmoja kwa wote: Clayton amejitoa kwenye ndoa hii. Mimi sikujitoa. Hatukukubaliana. Ameshindwa kusema, kwa hiyo nasema mimi. Noelle.

Dada yangu angesema lala kwanza. Msimamizi wa tasnifu yangu angesema punguza sentensi moja. Nikautuma.

Verlene alikuwa garini anakwangua barafu kwenye kioo. Simu yake ikalia mfukoni. Akavua glavu, akasoma. Akasoma tena. Umewatumia akina nani? Nikasema wote. Hata mama yangu mzazi? Nikasema hata mama yako mzazi.

'Ukatili huo.'

'Ndiyo.'

Akaendelea kukwangua. 'Atakupigia sasa,' akasema. 'Sasa ndiyo atapiga.' Na macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni baridi, sitaki kujua. Alimzaa yeye, si mimi. Nilidhani ataniacha pale moteli. Alifungua mlango wa upande wangu kutoka ndani, akakaa, akangoja.

Hatukwenda nyumbani. Alikunja kuelekea kasino, na mimi sikuuliza.

Naandika hii gotini, chini ya ukingo wa meza. Mgawaji ameona, amenyamaza. Simu imezimwa mlio lakini inatetemeka pajani, inapumzika, inatetemeka. Clayton. Clayton. Verlene anaisikia, kiti chake kimegusana na changu.

Duru hii: dau dogo langu, dau kubwa lake. Wote wametupa. Na kabla sijafungua mdomo, Verlene akanigeukia, na kwa sauti ile anayotumia kwa Orval, kwa jibaba la hoki, kwa watu asiowakumbuka, akasema: 'Turudishiane, Noelle?'

Jina langu. Mara ya kwanza ananiita.

Nilikuwa nimeshasukuma kete zangu zote mbele. Sikuangalia hata karata.

Ameirudisha mikono yake iliyokuwa ikifuata kete. Amelamba kidole gumba, ameinua pembe za karata zake, ameziteremsha. Bado anafikiri.