Nilipokuwa Kingi wa Beni

Mjukuu wangu, mke wangu Zuhura, salamu zikufikie huko Tabora shuleni. Sie huku Buguruni wazima. Bibi yako, mke mwenzio, mguu wake umepona.

Unauliza ilikuwaje mfalme wa Waingereza akakubali kubanwa na Bunge. Mmoja walimkata kichwa, mwingine akakimbia, aliyefuata akapewa taji kwa masharti. Werevu wale! Lakini mie nimeyaonja. Ujanani nilikuwa Kingi wa beni, ngoma ya tarumbeta na sare, na pwani nzima hakuna aliyenifikia. Nikamfukuza mpiga tarumbeta kwa kunicheka tu. Siku ya Idi, wapinzani wetu wa beni nyingine wanakuja wanapiga, watu wangu wakaketi chini.

"Inukeni!"

"Hainuki mtu, Kingi," akasema Mwanaidi, kiongozi wa waimbaji. "Taji baki nalo. Ila kumfukuza mtu, mpaka kikao kikubali."

"Nikikataa?"

"Cheza peke yako, baba."

Nikakubali mbele ya umati. Mpigaji akarudishiwa tarumbeta yake, tukawafunika wapinzani.

Nilibaki Kingi miaka mingi. Kila kikao kiliponikatalia jambo, nilinuna, nikavaa taji langu, nikacheza.

Babu yako