Kwa Miguu Hadi kwa Wakwe, Mboko

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kesho naenda Mboko kumrudisha mke wangu, Jamila. Kwa miguu!

Si hiari yangu, ni hukumu. Wiki mbili zilizopita hapa Baraka, Jamila alipokuja kupanda boti yangu, nilipaza sauti mbele ya abiria: "Ngojeni tushushe kwanza magunia ya mihogo, bibi yangu anapanda!" Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, tumbo likitikisika — na tumbo hilo ndilo zito kuliko gunia lolote. Jamila aligeuka, akapanda boti ya mwingine, akarudi kwao. Boti ya mwingine! Na mimi ndiye mwenye boti.

Leo shangazi yake, Mama Mwamini, aliyemlea, amenipigia simu. "Kuya na miguu, mukwe. Hapana boti, hapana pikipiki. Tuone nani iko muzito. Kama haufike, usimutafute tena."

Basi. Mboko si mbali, nimeiona mara elfu kutoka majini. Rasi moja, rasi nyingine, umefika. Kesho jioni nitakula bugali kwao.

Jumanne, 4 Juni
Mjinga mimi! Kutoka majini rasi zimepangana kama vidole. Kumbe kati ya kidole na kidole barabara inaingia ndani, inazunguka mto, inapanda, inajuta, inashuka. Miaka yote hii naijua pwani, nchi siijui.

Na watu! Kila pikipiki inasimama.
"Papa Yasini, mota imekufa?"
Hapana.
"Muntu amekufa?"
Hapana.
"Sasa?"
Nimesema nafanya mazoezi. Wamecheka hadi karibu waanguke.

Kwenye bariera askari amenizuia. Mzigo wako uko wapi? Sina. Amenitilia shaka kabisa — mwanaume mzima, mikono mitupu, anatembea tu? Nimemweleza ukweli. Amemwita mwenzake aje asikie tena toka mwanzo. Kisha wameniletea kiti, na mawaidha. Huyo wa kwanza ana wake wawili. Nimeuliza wako wapi. Wote wako kwao!

Jumatano, 5 Juni
Nimelala Lusenda kwa ndugu mmoja wa msikitini. Malengelenge miguu yote miwili. Nimeondoka nikitembea kama bata.

Ng'ombe wamenipita. Ng'ombe! Nyuma yao Twagirayezu, mtu wa milimani, fimbo mabegani, anawashusha kuuza. Amepunguza mwendo kwa huruma. Amesema hata kwao mke akirudi kwa wazazi, mume anamfuata, anakaa mbele ya wakwe, anaomba. Lakini kumtuma kwa miguu? Hapana.

"Sisi tunatembea kila siku, ingekuwa azabu gani?"
"Sasa wewe wangekutuma vipi?"
Ameliangalia ziwa. "Kwa boti," amesema. "Na mimi ningemuacha huyo mwanamuke aende!"

Amenimiminia maziwa. Nimetaka kunywa nimesimama, amenikemea: maziwa yanataka heshima, kaa chini. Nimekaa. Kukaa si shida. Kuinuka ndiko kumehitaji watu wawili.

Alhamisi, 6 Juni
Shetani ana simu. Bahati, nahodha wangu, amepiga: boti inapita karibu na hapo ulipo, nikuchukue, nikushushe karibu na Mboko, nani ataona?

Nimeshuka ziwani. Kuangalia tu! Pale mchangani bamama wanaanika ndakala, dagaa wa ziwani. Mmoja ameinua kichwa: "Si ndiyo huyu, bwana ya Jamila?" Wote wamesimama. "Papa, rudi barabarani! Mwamini ametupigia!"

Nimerudi barabarani.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefika! Mama Mwamini hakuangalia uso wangu, aliangalia miguu. Halafu akawaita majirani waliokuwa botini siku ile, maana aibu niliyoimwaga mbele ya watu, niizoe mbele ya watu. Nimeizoa. Nimesema mzito ni mimi, na aliye na shaka aulize barabara. Mzee mmoja amecheka. Mama Mwamini pia, kidogo, nyuma ya kitenge.

"Bon. Ameshakuya. Jamila, unasema nini?"

Jamila ametoka. Mwembamba kuliko nilivyomwacha — au ni macho yangu.

"Nitaenda naye hadi Baraka. Nikifika nitajua kama ninabaki."
Nimeshukuru Mungu. Nikasema nampigia Bahati alete boti.
"Hapana," amesema. "Na miguu."

Jumamosi, 8 Juni
Njiani tena. Ya Rabi.

Toka alfajiri hajanisemesha. Anatembea mbele, mimi nyuma kama ng'ombe wa kuuzwa. Wanaopita wanamuuliza yeye, si mimi: kuna nini? "Tunapimana," anajibu. Anaendelea.

Lakini nimeona kitu. Kila kona anasimama, anafunga kitenge upya. Kitenge hakijalegea, nakiona vizuri. Nikimkaribia, anaondoka.

Sasa nimekaa juu ya jiwe, napumua, naandika. Yeye amekaa huko mbele, ukingoni mwa daraja. Ametoa kiatu. Anashika kisigino — amechubuka, maskini, na anajificha nisione. Nyuma yangu naisikia pikipiki inakuja. Nikiisimamisha, nimetangaza tena barabarani kwamba hawezi. Nikiiacha ipite, mimi ni mume gani?

Ametoa na kiatu cha pili. Amegeuka, ameniona ninamuona. Hakuangalia pembeni. Amevisogeza viatu vyake, vyote viwili, kando kabisa, na nafasi aliyoiacha hapo darajani ni kubwa, ya mtu mnene. Pikipiki imesimama hapa kwangu, dereva anauliza kama tunapanda. Nimemwambia apite, mimi nimeshapewa kiti pale darajani.