Makofi ya Kilo kwa Nekesa

Na si makofi tu yaliyoniudhi, ingawa ndiyo yaliyotangulia.

Ni Jumamosi, Bungoma kunanyesha tangu alfajiri, na mume wangu (wacha niandike tena: mume wangu!) ananikaangia mayai kwa sababu anajua nikikasirika sili. Nilitaka blogu hii iwe ya mapenzi matupu. Ningeandika jinsi Barasa anavyoimba akipiga viatu rangi. Lakini jana tulikuwa Kitale.

Nekesa ni binti wa wifi yangu Selina, wa Kimilili. Ana miaka minane. Ndiye aliyebeba maua kwenye harusi yetu, akacheza hadi soksi zikatoboka. Wiki hiyo hiyo koo likamuuma. Kisha asubuhi moja akaamka mtoto mwingine kabisa. Anapepesa macho bila kukoma. Anaogopa kumeza hata uji, ati utamkaba. Anauliza kama mlango umefungwa, anaambiwa ndiyo, anauliza tena. Kelele za ghafla zinamfanya ajifiche.

Zahanati walisema ni madeko. Shuleni alichapwa. Majirani wakasema karogwa, ni mambo ya bibi arusi aliyetoka Endebess.

Bibi arusi huyo ni mimi.

Ilichukua miezi hadi daktari mmoja wa Eldoret alipouliza: mtoto alibadilika polepole au ghafla? Na kabla ya hapo aliugua nini? Maswali mawili tu, na ndipo matibabu yakaanza. Leo Nekesa anakula ugali kidogo, namshukuru Mungu.

Sasa kuna kamati inayoandika mwongozo wa taifa wa kutibu watoto wenye ugonjwa huu adimu unaofuata maumivu ya koo. Jana walikaa katika hoteli moja Kitale kusikiliza familia. Selina alisimama akaeleza yote, hata habari ya kelele. Nekesa alikuwa mapajani mwangu. Selina alipomaliza tu, mshereheshaji akanyakua kipaza sauti: "Mama yetu apewe makofi ya kilo!"

Sala, itifaki, makofi. Ndivyo mikutano yetu inavyokwenda, na hata mimi nimepiga hayo makofi mara nyingi. Lakini jana! Ukumbi mzima wa watu waliotoka kuambiwa kwamba mtoto huyu anaogopa kelele, paa, paa, paa!

Nekesa aliingia chini ya meza. Nikamfuata huko na gauni langu jipya, nikamziba masikio.

Nikiwa huko chini nikamsikia wifi akiuliza, "Daktari, mmeandika mtoto apelekwe kwa mtaalamu. Na yule wa zahanati? Si ndiye tunaanza naye?"

"Mama, utafiti bado ni mdogo," mwenyekiti wa kamati akajibu. "Hatuwezi kuandika dawa bila ushahidi."

"Sijasema dawa. Nimesema aulize tu. Hata kuuliza kunataka utafiti?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema ushuhuda wake utawekwa kwenye kiambatisho, kule nyuma ya mwongozo. Kisha chai ikaitishwa.

Kiambatisho!

Mimi niliishia kidato cha nne, na ninakubali kwamba madaktari hawawezi kuahidi dawa wasiyo na hakika nayo. Lakini hayo maswali mawili yanagharimu nini? Pengine leo kuna mtoto huko Lwakhakha anaambiwa ana madeko, na fimbo inamsubiri Jumatatu.

Nilinguruma njia nzima ya kurudi. Barasa akanishika mkono. "Mke wangu, ukikasirika unapendeza, lakini unaniogopesha." Nikacheka, halafu nikalia. Akaniacha nilie, kisha akauliza, "Haya, sasa tunafanya nini?"

Tunafanya! Ndiyo maana nilimkubali huyu mtu. Moyo wangu uliyeyuka pale pale.

Kamati itakaa tena wiki ya mwisho ya mwezi huu, hapa hapa Bungoma, kukamilisha mwongozo. Familia hazijaalikwa. Selina ameniambia, "Bibi wetu, mimi nimechoka kuchekwa." Simlaumu.

Basi ninyi wa kamati, kama kuna mmoja wenu anayesoma maneno ya mke mpya wa Bungoma: kabla mwezi huu haujaisha nitawatembelea, mimi na mume wangu. Hatutaki makofi wala chai. Na sitatoka humo ukumbini kabla maswali hayo mawili hayajaandikwa ukurasa wa kwanza, nikiangalia.